Skima ni nini, na kwa nini haitakuweka namba moja Google

Dada mmoja mwenye gesti ya vyumba sita mtaa wa Shangani, Mtwara mjini, alinionyesha ujumbe aliotumiwa WhatsApp: "Tunakuwekea skima kwenye tovuti yako, ndani ya wiki mbili uko namba moja Google." Chini yake kulikuwa na bei, na si bei ndogo. Akaniuliza, "Kaka, hii skima ndiyo nini hasa? Wa kwanza aliniambia ni tangazo, wa pili akasema ni ramani, huyu sasa anasema ni namba moja."

Swali kama hilo nimeulizwa Lindi na mwenye duka la vipuri vya pikipiki, na nikaulizwa tena na kikundi cha akina mama wanaobangua korosho na kuziuza kwenye pakiti. Kila mmoja wao alikuwa ameelezwa jambo tofauti, na kila aliyewaeleza alikuwa na kitu cha kuwauzia. Jambo lenyewe si gumu. Limezungushwa tu maneno mengi hadi mtu mwenye biashara ndogo anaona aibu kuuliza.

Tuanze na jina. Skima ni maandishi mafupi yanayowekwa ndani ya ukurasa wa tovuti kwa ajili ya mashine. Mgeni anayefungua ukurasa hayaoni. Anayeyasoma ni mtambo wa kutafutia kama Google au Bing. Kazi yake ni kuitaja kila taarifa kwa jina lake: hili ni jina la biashara, hii ni namba ya simu, hapa ni mahali ilipo, hii ni saa ya kufungua, hii ni bei. Wataalamu huiita data iliyopangiliwa. Mafundi wa tovuti wanasema skima kwa sababu ya Schema.org, orodha ya pamoja ya majina hayo iliyozinduliwa tarehe 2 Juni 2011 na Google, Bing na Yahoo. Yandex ya Urusi ikajiunga mwaka huohuo. Makubaliano yalikuwa kwamba mwenye tovuti aandike mara moja, na mitambo yote imwelewe.

Mtu wa kusini atanielewa haraka nikimpeleka ghalani. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie kwenye korosho msimu wa 2007/2008, mkulima anapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, unapimwa, unakaguliwa daraja, unaingia ghalani na kuandikiwa stakabadhi. Vyama vikuu vya ushirika kama TANECU, MAMCU na RUNALI vinapoupeleka mnadani, mnunuzi hafungui gunia moja moja. Anasoma karatasi: ghala lipi, kilo ngapi, daraja la kwanza au la pili. Kwa kuisoma hiyo ndipo anaandika bei yake.

Skima ni karatasi ya namna hiyo. Ukurasa wako wenye picha, salamu, historia ya familia na maelezo ya samaki wa kukaanga ndio gunia. Binadamu akilifungua anaona kila kitu. Mashine inapita kwenye mamilioni ya magunia, na karatasi inaisaidia kujua kilichomo bila kubahatisha. Lakini karatasi haiongezi hata kilo moja. Korosho zako zinabaki zilezile, na anayekuahidi kwamba karatasi peke yake itakupandisha daraja anakudanganya. Mfano wangu una mahali unapoishia pia: mzigo usio na stakabadhi hauingii mnadani, ila tovuti isiyo na skima bado Google inaisoma na kuionyesha kama kawaida. Usikubali kutishwa kwamba bila skima hupo mtandaoni.

Sasa, kwa nini mashine ihitaji karatasi ilhali inasoma maneno? Kwa sababu maneno yetu yana maana zaidi ya moja, na sisi wenyewe hatulioni hilo kwa kuwa tumelizoea. Shangani ya huyu dada ipo Mtwara, lakini Zanzibar nako kuna Shangani, ile ya Mji Mkongwe, inayojulikana na watalii dunia nzima. Magomeni ipo Mtwara na ipo Dar es Salaam. Majengo sijui ni mji gani wa Tanzania usio nayo. Mtama ni mji mkoani Lindi, na ni nafaka ya uji. Ukiandika "tunauza kwa jumla, Mtama", mashine ina haki ya kujiuliza unauza nini na uko wapi.

Tena lipo neno hoteli. Kwetu mtu akisema "twende hotelini tukale", anazungumzia wali maharage na chai ya rangi. Hakuna kitanda hapo. Kwa kulala tunasema gesti au loji. Nimekuta mgahawa ambao fundi aliuandikia aina ya *Hotel* kwenye skima, kwa kuwa kibao cha mlangoni kimeandikwa hoteli. Kwa Schema.org neno hilo ni nyumba ya kulala wageni tu. Sehemu ya kula ni *Restaurant*, gesti unaweza kuiandika *LodgingBusiness*, duka ni *Store*. Orodha ina aina zaidi ya 800, kwa hiyo fundi asikuambie kwamba biashara yako haina mahali pa kukaa. Ikikosekana aina inayoifaa kabisa, ile ya jumla ya *LocalBusiness* inatosha.

Majina hayo ya aina na ya sehemu yanabaki kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo orodha iliyokubaliwa. Unachokijaza ndani yake kinaweza kuwa Kiswahili chako cha kila siku. Mgahawa mdogo wa Mtwara ungeandikwa hivi:

{
"@context": "https://schema.org",
"@type": "Restaurant",
"name": "jina la mgahawa wako",
"telephone": "+255 na namba yako bila sifuri ya mwanzo",
"address": {
"@type": "PostalAddress",
"streetAddress": "mtaa na namba ya nyumba",
"addressLocality": "Mtwara",
"addressCountry": "TZ"
},
"openingHoursSpecification": {
"@type": "OpeningHoursSpecification",
"dayOfWeek": ["Monday", "Tuesday", "Wednesday", "Thursday", "Friday", "Saturday"],
"opens": "07:00",
"closes": "20:00"
}
}

Huo ndio msimbo wote ambao watu wanauogopa. Namna hii ya kuandika inaitwa JSON-LD, na ndiyo Google inayoipendekeza kati ya tatu inazozikubali. Ukiusoma taratibu utaona ni fomu iliyojazwa: kushoto swali, kulia jibu. Pale penye mtaa na namba ya nyumba, tumia anwani ya makazi uliyopewa wakati wa operesheni ya mwaka 2022, ile ya vibao vya mitaa na namba milangoni. "Karibu na stendi ya zamani" mwambie bodaboda. Mashine haijui stendi ilihamishwa lini.

Sasa nirudi kwa dada wa Shangani, maana kisa chake kina jambo ambalo sijaona likielezwa popote kwa Kiswahili.

Kabla ya kumjibu kuhusu ule ujumbe niliuchukua ukurasa wake nikaupitisha kwenye kipimo cha validator.schema.org. Ni bure: unabandika anwani ya ukurasa, unasubiri kidogo, na kinakuonyesha skima iliyomo. Alikuwa nayo tayari. Fundi aliyemtengenezea tovuti aliiweka bila kumwambia. Yaani alikuwa anauziwa kitu ambacho kipo ndani ya nyumba yake.

Ila kwenye mgahawa wake ulio mbele ya gesti, saa zilikuwa zimeandikwa hivi: kufungua "01:00", kufunga "02:00".

Ukisoma kwa Kiswahili hujashtuka bado. Anafungua saa moja asubuhi, anafunga saa mbili usiku, kama kibao chake kinavyosema. Fundi alichukua namba kwenye kibao akaziweka kama zilivyo. Lakini mashine haihesabu saa kuanzia mapambazuko kama sisi. Inahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa mzunguko wa saa 24. Kwa mashine, mgahawa ule ulikuwa unafungua saa saba usiku, watu wamelala, na kufunga saa nane, bado wamelala. Saa moja ya biashara kwa siku nzima, na yenyewe ya gizani.

Kosa hili ni letu sisi wasemaji wa Kiswahili, na fundi akinakili mfano wa nchi nyingine hawezi kulikwepa kwa sababu huko halipo. Kanuni ni ileile unayoitumia kusoma saa ya mkononi: ongeza sita. Saa moja asubuhi ni 07:00, saa tatu asubuhi ni 09:00. Ukivuka saa sita mchana unaendelea kupanda, na kuanzia saa moja usiku unaongeza kumi na mbili nyingine, hadi usiku wa manane hesabu inapoanza upya: saa kumi jioni ni 16:00, saa mbili usiku ni 20:00, saa nne usiku ni 22:00. Muuza chipsi anayefungua saa kumi na mbili jioni na kufunga saa nane usiku ataandika kufungua 18:00 na kufunga 02:00, na mashine itaelewa kwamba hiyo 02:00 ni ya usiku unaofuata. Kabla hujamlipa fundi, mwambie akusomee saa alizoandika kwa sauti, kwa Kiswahili. Akisita, kaa naye mzisahihishe pamoja.

Kosa la pili la kwetu ni la ramani. Skima inaruhusu kuweka nukta ya mahali ulipo kwa namba mbili, ya kaskazini na kusini, kisha ya mashariki na magharibi. Sisi tupo kusini mwa ikweta, kwa hiyo namba ya kwanza lazima iwe na alama ya kutoa mbele yake. Mtwara mjini ni karibu -10.27 na 40.18. Yule mwenye vipuri wa Lindi, alama hiyo ndogo ilikuwa imesahaulika. Bila hiyo alama, namba za Lindi zinakupeleka Ethiopia. Mtu wa Nachingwea anayetafuta tairi ya bodaboda hatafika huko.

Bei nayo ina mtego wake. Kibao cha dukani kinasema 25,000/= na kila mtu anaelewa. Kwenye skima andika 25000 tu, bila mkato, bila mistari, na sarafu uitaje mahali pake kama TZS. Huo mkato unaweza kusomwa kama nukta ya desimali, na pakiti ya korosho zilizobanguliwa kwa jasho ikageuka kitu cha shilingi 25. Wale akina mama niliwaeleza hili na mmoja akasema afadhali waache bei isionekane kabisa kuliko ionekane hivyo. Namuunga mkono. Sehemu usiyo na uhakika nayo iache wazi.

Baada ya hayo tunaweza kuzungumza kuhusu ahadi zinazouzwa.

Ahadi kubwa ni ile ya namba moja. Google yenyewe inasema kuwa na skima hakuhakikishi kwamba tokeo lako, yaani sehemu ya tovuti yako kwenye majibu ya Google, litapambwa, na haiihesabu kama ngazi ya kupandia juu ya wengine. Inachofanya ni kuupa ukurasa nafasi ya kuonyeshwa na maelezo ya ziada, kama bei au picha, pale Google itakapoona inafaa. Tokeo lenye maelezo mazuri linaweza kubofywa zaidi, na hiyo ni faida ya kweli. Ila mtu anayetafuta "gesti Mtwara" kwenye simu mara nyingi anaonyeshwa kwanza ramani na orodha fupi ya biashara, na kwa orodha hiyo Google inataja mambo matatu: unafanana kiasi gani na kinachotafutwa, uko umbali gani na anayetafuta, na unajulikana kiasi gani. Nafasi hizo haziuzwi. Kinachouzwa ni matangazo, nayo yanawekewa alama kwamba ni matangazo.

Ahadi ya pili ni nyota. Wapo wanaosema watakuwekea nyota tano zionekane chini ya jina lako. Tangu Septemba 2019 Google haionyeshi nyota ambazo biashara imejiwekea yenyewe kwenye tovuti yake kuhusu yenyewe. Na mlango wa skima ya maswali na majibu (FAQ), uliokuwa unafanya tokeo lijae nusu ya skrini, ulifungwa kwa wengi Agosti 2023. Ukaachiwa zaidi tovuti mashuhuri za serikali na za afya. Fundi anayekuuzia hayo leo ama amejifunza zamani akaacha kufuatilia, ama anajua na ananyamaza. Vyovyote iwavyo, hela ni yako.

Sasa imeingia ahadi mpya, "skima ya akili mnemba", kwamba ukiiweka utatajwa kwenye majibu yanayoandikwa na mashine juu ya matokeo ya Google. Google imeeleza kwamba hakuna skima maalumu inayotakiwa kwa ajili ya hayo.

Nizungumzie uongo kwa uzito wake, kwa sababu hapa ndipo mtu mwaminifu anaweza kuingizwa matatani na fundi wake. Kinachoandikwa kwenye skima lazima kiwe kinaonekana na kwenye ukurasa, na kiwe kweli. Ukiandika bei ya chini ambayo mgeni haioni popote, au maoni ya wateja wasiokuwepo, Google inaweza kuuondolea ukurasa wako haki ya kuonyeshwa kwa mapambo yoyote. Kila mtu wa Mtwara anajua kinachotokea gunia likikutwa na mchanga. Anayeulizwa ni mwenye jina kwenye karatasi, na aliyechanganya keshaondoka.

Kama huna tovuti, skima isikuumize kichwa. Inakaa ndani ya tovuti, na ukurasa wa Instagram au kundi la WhatsApp havikupi mahali pa kuiweka. Biashara nyingi ninazozijua Mtwara na Lindi zipo hapo, na kwao cha kwanza ni wasifu wa biashara kwenye ramani za Google, ule unaoitwa Google Business Profile. Ni bure. Unaandika jina, simu, saa na mahali, Google inathibitisha kwamba kweli ni wewe, mara nyingi kwa simu au kwa video unayoipiga pale dukani, kisha unaongeza picha. Hapo fomu ina visanduku vyake vya kuchagua saa, na kanuni ya kuongeza sita inabaki ileile. Kwa gesti inayotegemea wageni wa msimu wa korosho, madereva na wanunuzi wanaoingia mjini jioni wakiwa wamechoka, wasifu huo uliojazwa vizuri utakuletea simu nyingi kuliko skima. Hivyo ndivyo ninavyoamini, na ndivyo nilivyomwambia dada.

Mwenye tovuti ndiye wa kufika kwenye skima, na hapo ina maana. Mwenye loji Kilwa Masoko anayesubiri wageni wa magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, anatafutwa na watu walio mbali wasiojua Masoko ni jina la mji. Kwa wageni wa namna hiyo, kila utata unaouondoa una thamani. Tovuti ikiwa imejengwa kwa WordPress zipo plagini za bure, yaani programu ndogo za nyongeza, zinazoandika skima kwa kukujazisha fomu. Ikijengwa kwa mkono, msimbo kama ule wa juu ni kazi ya muda mfupi kwa fundi anayeijua. Mlipe kazi yake, ni haki yake, lakini mlipe kwa kazi hiyo, si kwa ndoto ya namba moja. Akimaliza, pitisha ukurasa kwenye validator.schema.org, halafu kwenye kipimo cha Google kinachoitwa Rich Results Test. Cha kwanza kinakuonyesha kila kilichoandikwa; cha pili kinakuambia kama Google inaweza kukitumia kupamba tokeo. Kisha linganisha na wasifu wako wa ramani na kibao chako cha mlangoni. Simu iwe moja, jina liwe moja. Ukibadilisha laini, badilisha kote siku hiyohiyo.

Dada wa Shangani hakulipa zile fedha. Tulikaa kwenye meza ya mgahawa wake, fundi wake wa zamani akiwa kwenye simu, tukabadilisha 01:00 kuwa 07:00 na 02:00 kuwa 20:00. Kisha akauliza swali ambalo mimi sikulifikiria: mwezi wa Ramadhani yeye hapiki mchana, anafungua jioni wakati wa kufuturu. Je, mashine italijua hilo, au italeta watu saa saba mchana wakute milango imefungwa?

Lipo na hilo. Unaongeza saa za kipindi maalumu, zenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, *validFrom* na *validThrough*, na zile za kawaida zinabaki zilivyo. Tarehe inaandikwa mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Kwa kuwa mwezi huandama kwa kuonekana, tulikubaliana kwamba tarehe ataziweka zile za kalenda mapema, na usiku wa mwezi kuandama atampigia fundi azihakikishe. Aliliandika kwenye daftari lake la mauzo, ukurasa wa nyuma, chini ya namba ya muuza samaki.